Kwa basi la 872 hadi kwa wafalme wa Ming

Ukifika kituo cha mabasi cha Deshengmen, Beijing, asubuhi na sura yako ya kigeni, utawaona wapiga debe kabla hujaliona basi. Wamevaa vikoti vinavyofanana na vya wafanyakazi wa mabasi, baadhi wamening'iniza vitambulisho shingoni, na wote wana taarifa moja: basi unalolitafuta leo halipo. Barabara imefungwa. La mwisho limeshaondoka. Lakini usijali, gari ndogo hii hapa, bei ya kirafiki. Aliyekulia Dar es Salaam akigombea daladala za Mbagala hababaishwi na hayo. Shoga yangu wa Malindi, ambaye Kichina chake kimekomaa kuliko changu, aliwajibu kwa upole kwamba tunakwenda kumzuru mjomba wetu na huyo mjomba hapendi wageni wanaokuja na teksi. Wakacheka, wakatuachia njia. Tulipoupita ule mnara wa kale, 872 hili hapa, mlango wazi, kondakta mwanamama akimalizia chai yake kwenye chupa.

Niseme mapema kwamba siku hizi kuna njia ya haraka. Treni ya chini ya ardhi ya mstari wa Changping imefika karibu na makaburi ya wafalme wa Ming, tuliyokuwa tunayaendea, tangu mwaka 2015, na ukishuka unamalizia kwa basi dogo au teksi. Mimi bado napenda 872. Unagusa kadi unapopanda, unagusa tena unaposhuka, na kwa kadi nauli ni nusu ya ile ya taslimu. Ukisahau kugusa wakati wa kushuka, mashine inakukata nauli ya njia nzima, kwa hiyo usisahau. Halafu wazee wa Beijing hupanda mabasi ya jiji bure, na siku za kazi asubuhi basi linakuwa lao. Wanatoka sokoni, wanakwenda kwa wajukuu, wanakwenda milimani kutembea. Wana muda wa kuongea.

Babu mmoja alikaa kiti cha mbele yetu na kigari chake cha sokoni, kile cha magurudumu mawili ambacho kila mzee wa mji ule anacho. Aligeuka, akatutazama bila haraka, akauliza tunatoka nchi gani. Nilipotaja Tanzania uso ulimkunjuka. "Tanzan tielu!" akasema, yaani ile reli ya kwetu na Zambia. Jirani yao alikwenda kuijenga, alituambia, akarudi amechomwa na jua mpaka mama yake akamsahau, na kwa miaka mingi aliwafundisha watoto wa mtaa kusema "rafiki". Babu mwenyewe alilikumbuka bado. Alilitamka vizuri.

Reli ile ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na si wote waliokuja kuijenga waliorudi. Pale Gongo la Mboto kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina, zaidi ya 60, mawe ya kufanana yaliyopangwa kwa mistari. Kila Aprili, Wachina wanapozuru wafu wao, watu wa ubalozi huenda pale na maua. Nilimweleza babu habari hiyo kwa Kichina changu cha kuokoteza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo moja tu: yanafagiliwa? Nikamwambia yanafagiliwa. Akatikisa kichwa, akageukia mbele, na baada ya vituo kadhaa akashuka na kigari chake.

Sisi tulishuka Da Gong Men, lile lango kuu jekundu lenye milango mitatu. Kila upande wa lango kuna bamba refu la jiwe linaloamuru kila mwenye cheo ashuke kwenye farasi wake hapo. Hata mfalme aliyekuja kutambikia mababu zake alitakiwa aingie kwa miguu. Ukisimama pale ukitazama kaskazini unaelewa mara moja kwa nini wapiga ramli wa ikulu walilichagua bonde hili: milima imelizunguka kwa nyuma na ubavuni, mbele kuko wazi, na upepo mbaya wa kaskazini hauna pa kupenya. Beijing iko takribani kilomita 50 nyuma yako.

Ukoo wa Ming uliitawala China kuanzia 1368 hadi 1644, ukatoa wafalme 16, na 13 kati yao wamezikwa hapa. Watatu waliokosekana kila mmoja ana kisa chake. Wa kwanza alizikwa Nanjing, ulikokuwa mji mkuu wakati huo. Wa pili alipotea katika moto wa ikulu mwaka 1402, wakati mdogo wa baba yake alipokuja na jeshi kumnyang'anya kiti, na mpaka leo kaburi lake halijulikani. Wa saba alishika ufalme wakati kaka yake ametekwa na Wamongolia. Kaka aliporejea na kukitwaa tena kiti, akamnyima mdogo wake hata nafasi ya kulala bondeni. Kaburi lake liko kwingine, magharibi ya mji. Siasa za urithi ni zilezile kila mahali, hawa waliziandika kwa mawe.

Baba mdogo yule mnyang'anyi ndiye Yongle, na ndiye "mjomba" tuliyekwenda kumwona. Lakini kwanza lazima uipite Shendao, njia ya roho.

Kwa ujumla njia inachukua kama kilomita saba kutoka lango la mawe la 1540 mpaka kaburi la Yongle, ila sehemu yenye masanamu ni fupi, unaitembea taratibu huku mierebi ikikuwekea kivuli. Masanamu ni 36, yamepangwa wawili wawili wakitazamana: wanyama 24, kisha watu 12, majemadari na maafisa. Yalichongwa mwaka 1435, na kila moja ni jiwe moja zima. Wanyama ni wa aina sita na kila aina ina wanne, wawili wamesimama na wawili wamepiga magoti, na inasemekana wanabadilishana zamu usiku wa manane. Mimi nilimtazama sana ngamia aliyepiga magoti. Mchongaji alijua ngamia. Goti la mbele limekunjwa likabanwa chini ya kifua, ngozi ya goti imejikunja mikunjo mitatu, na mdomo wa chini umening'inia kwa lile dharau ambalo kila aliyewahi kukaribia ngamia analifahamu. Tembo naye kapatikana vizuri. Anapokuja qilin, mambo yanabadilika.

Qilin ni mnyama wa hadithi: magamba mwilini, kwato miguuni, hutokea duniani pale tu mfalme anapokuwa mwema. Sasa mwaka 1414 mtawala wa Bengal alimpelekea Yongle twiga, na mwaka 1415 akaja twiga mwingine, huyu akitoka Malindi. Watu wa ikulu hawakuwa wamewahi kuona kiumbe cha namna ile, wakaamua kwamba ndiye qilin mwenyewe, kaja kumthibitisha mfalme aliyepata kiti kwa upanga. Wakamchora, wakamtungia sifa. Shoga yangu alimzunguka qilin wa jiwe, akamtazama shingo, akamtazama tena.

"Huyu hana hata dalili," akasema. "Twiga wetu alikuja, watu wakamwona kwa macho yao, na baada ya miaka 20 fundi anachonga mnyama mfupi mwenye magamba. Si dharau hii?"

Nilimwambia labda fundi alikuwa na kielelezo cha zamani cha kufuata, na kazi ya serikali haina ubunifu. Hakuridhika. Alimpiga picha huyo mnyama akaituma nyumbani.

Ukimaliza masanamu unatokea kituo cha Hu Zhuang, unapanda tena 872 hadi mwisho wa njia, Changling. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba na bonde zima lilikuwa limejaa mashizi, yale matunda ya rangi ya chungwa yanayofanana na nyanya, juu ya miti iliyokwisha kupukutisha majani. Akina mama wa vijijini huyauza kando ya barabara kwa ndoo. Tulinunua, tukala na chapati na mayai ya kuchemsha tuliyobeba, kwa sababu shoga yangu hali nyama asiyoijua ilikochinjwa, na mikahawa ya pale karibu na lango haikumtia imani.

Changling ndilo kaburi la kwanza kujengwa bondeni. Kazi ilianza 1409, na wa kwanza kuzikwa hakuwa mfalme bali mkewe, Malkia Xu, aliyewekwa humo 1413. Kama una muda wa kaburi moja tu, nenda hili, hata kama waongoza watalii wote watakuambia nenda Dingling kwa sababu huko unashuka chini ya ardhi. Cha kuona Changling kiko juu ya ardhi. Ni ukumbi wa kutambikia, Ling'en, na ndani yake kuna nguzo 60 za mti wa nanmu. Kila nguzo ni shina moja. Zile za katikati zina kipenyo cha zaidi ya mita moja, na hazikupakwa rangi, kwa hiyo macho yako yanaona mti wenyewe: mistari ya miaka inayopanda wima mpaka gizani juu, nyufa nyembamba, rangi ya kahawia iliyokolea karibu na sakafu. Katikati wamemweka Yongle wa shaba, wa kisasa, amekaa kitini. Sikumjali sana. Nilisimama chini ya nguzo nikatanua mikono hewani nikiipima kwa mbali, mlinzi akinitazama kwa makini.

Mtu wa pwani hawezi kuingia ukumbi ule asifikirie boriti. Nyumba zetu za mawe, Lamu, Malindi, Unguja, zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Upana wa chumba chako uliamuliwa na mti uliokuwa nao. Yongle aliamua upana kwanza, kisha akatuma watu wakatafute mti. Waliukuta katika misitu ya milima ya kusini magharibi, Sichuan, Yunnan, Guizhou, wakaikata miti, wakasubiri mafuriko ya mvua yaibebe mpaka mitoni, kisha ikavutwa kwa mfereji mkuu hadi kaskazini. Shina moja liliweza kuchukua miaka njiani. Huko Sichuan walikuwa na msemo kwamba wanaingia msituni elfu, wanatoka mia tano.

Yongle alikuwa mtu wa namna hiyo. Alihamishia mji mkuu Beijing rasmi mwaka 1421, alijenga ile ikulu ambayo watalii wanajazana mpaka leo, aliamuru kitabu kikubwa cha elimu zote kilichokamilika 1408 kikiwa na majuzuu zaidi ya 11,000, na alimtuma baharini jemadari wake Zheng He, ambaye meli zake zilifika hadi pwani yetu. Alikufa 1424 akirudi kutoka vita vya Mongolia. Alipozikwa, masuria wake waliuawa ili wamfuate. Kumbukumbu za ikulu ya Korea, ambako baadhi yao walitoka, zinataja zaidi ya 30. Mila hiyo ilikomeshwa 1464 kwa wosia wa kitukuu chake. Waongoza watalii wenye vipaza sauti walitupita pale ukumbini makundi kwa makundi wakihesabu nguzo, na sikusikia hata mmoja akiwataja wanawake hao.

Nyuma ya ukumbi unapanda mnara, na kutoka juu unaona kilima cha mviringo kilichojaa miti ya mivinje ya Kichina, ukuta umekizunguka. Chini ya kilima yumo yeye na Malkia Xu. Hapajafunguliwa. Na ukitazama pande zote, unaona paa za njano za makaburi mengine zikichungulia kwenye mikunjo ya milima. Karibu kabisa yuko mwanawe Hongxi, aliyepanda kitini na papo hapo akasimamisha safari za Zheng He, na kwa upande wa pili yuko mjukuu, Xuande, aliyeiruhusu safari ya saba, ya mwisho, iliyomalizika 1433. Aliyetuma, aliyekataza na aliyetuma tena, wote unaweza kuwatembelea kwa mchana mmoja. Uhusiano wa China na pwani yetu enzi zile ulianza na kuisha ndani ya bonde hili.

Kilichobaki upande wetu ni kidogo na ni kigumu kuvunjika. Mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walipata Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya shaba yenye jina la Yongle na tundu la mraba katikati. Mwaka 2013 ikatangazwa nyingine iliyopatikana kisiwani Manda. Na vipo vyombo. Bibi yake shoga yangu ni wa Mambrui, amekulia akiiona ile nguzo ya kaburi iliyopachikwa mabakuli ya Kichina ya enzi ya Ming. Mimi nimekulia karibu na magofu ya Kunduchi, ambako makaburi ya karne ya 18 yana nguzo za namna hiyo, na ninachokikumbuka zaidi ni matundu: viduara vitupu kwenye chokaa mahali sahani zilipobanduliwa. Waliozibandua walidhani watapata chombo kizima. Kauri iliyoshikwa na chokaa kwa miaka mia mbili haitoki nzima.

Hapo juu ya mnara ndipo ubishi wetu ulipoanza. Shoga yangu anataka Changling ifunguliwe. "Fikiria," akasema, "huenda humo kuna barua ya Malindi. Huenda kuna orodha ya zawadi. Huenda na kile kitabu." Maana kitabu cha Yongle, nakala ya asili, kilipotea chote, kilichosalia duniani ni majuzuu yapatayo 400 tu ya nakala iliyofanywa katika miaka ya 1560, na wapo wanaoamini asili ilizikwa bondeni humu pamoja na Jiajing, mfalme aliyeagiza inakiliwe. Nilimwambia twende kwanza Dingling, tukirudi tutaongea.

Dingling iko nyuma kidogo kuelekea mjini, na unajua umefika kwa wingi wa mabasi ya watalii. Ni kaburi la Wanli, aliyekalia kiti akiwa mtoto mwaka 1572 na kukaa miaka 48. Alianza kujijengea kaburi mwaka 1584 akiwa kijana wa miaka 20 na ushei, likakamilika 1590, na hesabu inayotajwa ni tael milioni 8 za fedha, tael ikiwa kipimo cha uzito cha Kichina. Kisha akagombana na maafisa wake. Alimpenda suria mmoja, Bibi Zheng, akataka mtoto wa huyo arithi. Maafisa wakashikilia kwamba kiti ni cha mtoto wa kwanza, ambaye mama yake alikuwa mtumishi wa mama mkubwa wa ikulu. Ubishi ulikwenda miaka, mfalme akashindwa, akasusa. Kwa karibu miaka 30 hakuhudhuria mabaraza, hakujaza nafasi za wakubwa waliokufa, barua za maafisa zikarundikana.

Na mwisho wake ndio uliomfurahisha shoga yangu mpaka akakaa kwenye ngazi. Bibi Zheng hayumo kaburini. Kushoto na kulia kwa Wanli wamelazwa malkia wake wa ndoa na yule mtumishi, aliyekufa 1611 bila kutazamwa na mumewe, akazikwa kando kama suria. Mwaka 1620 Wanli akafa, mwana wa mtumishi akafa ndani ya mwezi mmoja tangu atawazwe, mjukuu akashika kiti, na mjukuu akaamuru bibi yake apandishwe cheo cha malkia na kuhamishiwa humo. "Mke mwenza amerudi kwa mlango wa mjukuu," shoga yangu akasema. "Hiyo ni kanga tosha."

Unateremka ngazi nyingi mpaka mita 27 chini. Hewa inakuwa baridi na nzito. Kuna kumbi tano za mawe zenye dari za upinde, bila nguzo hata moja, na milango ya marumaru ambayo kila ubao una uzito wa tani kadhaa. Nyuma ya mlango huegeshwa nguzo ya jiwe inayojitelezea yenyewe mlango unapofungwa kutoka nje, ikaukaza kwa ndani. Ukiuona ufundi huo unadhani hakuna atakayeingia. Kilichowasaidia wachimbaji mwaka 1956 ni bamba dogo la jiwe walilolikuta kwenye handaki, limechongwa maneno machache: kutoka hapa hadi uso wa ukuta ni kiasi gani, na kina ni kiasi gani. Mafundi wa kaburi waliliacha kwa ajili ya kazi yao wenyewe, maana kaburi lilifungwa mfalme akiwa hai na ilibidi wajue pa kuchimba siku akifa. Wachimbaji wakafuata kipimo. Mwaka 1957 wakaingiza chuma kilichopindwa kwenye upenyo wa mlango, wakaisukuma ile nguzo, mlango ukafunguka.

Wazo lilikuwa la mwanahistoria Wu Han, naibu meya wa Beijing, pamoja na msomi Guo Moruo. Walitaka Changling, Dingling ilichukuliwa kama ya majaribio. Zheng Zhenduo, aliyesimamia mambo ya kale serikalini, na mwanaakiolojia Xia Nai walipinga, kwamba nchi haikuwa na ujuzi wa kuhifadhi kitakachotoka. Walishindwa hoja mezani na wakathibitishwa kaburini. Humo zilikuwamo hariri, mavazi na majora kwa majora, na zilipokutana na hewa zilianza kufifia na kukakamaa. Taji za dhahabu na vito zimesalimika, moja ya malkia iko katika makumbusho ya taifa. Majeneza ya asili yalitupwa mwaka 1959, baada ya kuchongwa ya bandia kwa ajili ya watalii, na wanakijiji wakazoa mbao. Hayo masanduku mekundu unayoyapiga picha chini kule ni hayo ya bandia, hayana mtu ndani. Agosti 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yakiwa yamepamba moto, vijana wa Walinzi Wekundu waliitoa mifupa ya Wanli na ya wake zake wawili uwanjani, mbele ya kaburi, wakaisomea mashtaka, wakaiponda kwa mawe na kuichoma. Wu Han alifia gerezani 1969.

Hapa shoga yangu alikasirika kitaalamu. Yeye anasomea udaktari wa meno. Maafisa wa Wanli walimwita mvivu. Mwenyewe aliandika mara kwa mara kwamba anaumwa, miguu haimbebi. Waliotazama mifupa yake baada ya kufukuliwa walieleza mgongo uliopinda na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Pengine alisema kweli muda wote huo. "Na taya," alisema shoga yangu, "ningepewa taya lile saa moja tu, ningekuambia alikuwa anakula nini, anaumwa nini, alikuwa na usaha wapi." Halipo. Mbele yetu, kwenye viti vya enzi vya marumaru, watalii walikuwa wanatupa noti za yuan kuomba baraka, na mfanyakazi wa makumbusho akipita na ufagio akizikusanya.

Baada ya Dingling serikali iliacha kufukua makaburi ya wafalme kwa hiari yake, na makaburi mengine 12 ya bonde hili yamebaki kama yalivyo. Nadhani ni uamuzi bora kuliko yote yaliyofanyika hapo tangu 1644. Tulipotoka, watu mbele yetu walikuwa wakijipangusa mabega na kusema kwa sauti "nimerudi" wakivuka lango la mawe, ili roho za kuzimu zisiwafuate nyumbani. Tulifanya hivyo pia. Mimi nilisema kwa Kichina, shoga yangu akaongeza kisomo chake.

Basi la kurudi lilikuja limejaa ndoo za mashizi, tukasimama mpaka Changping. Ubishi ukaendelea, sote tumeshika bomba la juu. Alikubali Dingling iliharibiwa. Hakukubali kwamba hiyo ni sababu ya kuiacha Changling: siku hizi kuna mashine, kuna vyumba vya hewa iliyodhibitiwa, karatasi inaweza kutolewa bila kupumuliwa. Nikamwambia Mambrui yenyewe imechimbwa pembeni tu, waanzie huko, kwao, na mabakuli ya bibi yake yawekewe mlinzi kabla ya kwenda kumsumbua mjomba wa watu. Akafikiri kidogo.

"Mambrui wachimbe," akasema. "Lakini sarafu tunazo tayari. Mimi nataka barua."

"Na ikitoka ikaanza kugeuka unga, nani ataishika?"

"Si mimi," akasema. "Mimi wa meno."